Kipimo cha Ng'ambo na Msemaji wa Nakivale

Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922 kwa mafunzo ya ufundi. Mwaka 1949 kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na digrii zikawa za London. Kijana wa Ankole akapimwa kwa pishi ya ng'ambo. Aliyoyajua kwao hayakuulizwa. Mwaka 1968, huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe kitovuni.

Historia hii twaifundisha kwa furaha, kwani humo mkosaji ni Kiingereza. Je, Kiswahili chetu? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji. Humo walitawala maofisa wa serikali na wamisionari; wenye lugha hawakuwa na kauli kubwa. Kiswahili sanifu kina manufaa yake, wala hatusemi kitupwe. Lakini nacho ni pishi iliyokatwa na wakoloni, na anayeishika leo ni mwalimu.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakapokea wakimbizi wa Rwanda. Baadaye wakaja Warundi, Wasomali na, kwa wingi, Wakongo, waliokuja na Kiswahili chao. Ndicho wanachouziana maharagwe, na ndicho wanachoombolezea.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, huwapeleka wanafunzi wa udaktari vijijini wakajifunze kwa wenyeji. Desturi njema: daktari hulazimika kusikiliza kwanza. Sisi walimu wa lugha hatukuwa nayo.

Katika darasa letu mjini Mbarara, mwanafunzi mmoja wa Nakivale alisimama kusimulia safari ya mamaye kutoka Kivu. Akasema, "Tulikuwaka tunatembea usiku." Wenzake wakacheka, nasi, badala ya kuwanyamazisha, tukamsahihisha. Akaketi. Kwa majuma matatu hakufungua kinywa, na safari ile ikakatikia njiani.

Ilitubidi tumwombe radhi mbele ya wenzake. Kisha tukaandika ubaoni "tulikuwa" na "tulikuwaka", tukamwomba yeye atufundishe. Alieleza kuwa kwao ile -ka ya mwisho huonyesha jambo lililozoeleka. Msichana mmoja Mnyarwanda akadakia kuwa katika Kinyarwanda -aga hufanya kazi hiyo hiyo. Kengele ililia tungali ubaoni. Safari ya mama yule ilimaliziwa juma lililofuata.