Ngiri katika Nchi ya Kyela: Habari za Ufa na Ukuta

Waandishi wa historia ya Afrika ya Mashariki wameandika mengi juu ya maradhi yauayo upesi na kwa wingi, kama vile ndui, tauni na malale. Maradhi yasiyoua upesi, bali yamfuatayo mtu miaka 20 au 30 shambani, ziwani na kitandani, yameandikiwa machache. Moja katika hayo ni ngiri, yaani utumbo kupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo na kujitokeza chini ya ngozi. Katika insha hii nataka kueleza habari zake katika nchi ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, tangu wageni walipoanza kuandika juu ya nchi hiyo mpaka siku hizi. Mwisho wa habari hizo ni ngiri ya namna moja ambayo wazee hawakuijua, kwa kuwa hutokea pale kisu cha daktari kilipopita: ngiri ya kando ya stoma.

Kyela ni nchi ya chini. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya bahari, na tambarare iliyo nyuma yake imezungukwa na milima: Milima ya Livingstone upande wa mashariki na miinuko ya Rungwe upande wa kaskazini. Maji ya nchi hizo za juu hushuka kwa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na wakati wa masika mito hiyo aghalabu hufurika mashambani. Neema ya nchi hutoka humo: mpunga, ndizi na kakao. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika huko mwaka 1879, aliisifu mno kwa uzuri wa migomba na usafi wa vijiji. Lakini maji yaletayo neema huleta na maradhi. Katika madimbwi huzaliana mbu, na katika maji yaendayo kasi, juu ya mawe ya mito, huzaliana usubi. Wadudu hawa wawili wamo katika habari zetu, kama tutakavyoona.

Kwanza yafaa tutazame majina. Kiswahili kina maneno matatu ambayo watu huyachanganya: mshipa, busha na ngiri. Mshipa ni neno pana. Ni njia ya damu, tena ni jina la adabu kwa uvimbe wowote wa kinena au wa mfuko wa korodani. Mtu akisema, "Nina mshipa," amesema jambo na amelificha papo hapo. Busha ni maji yaliyokusanyika katika mfuko. Ngiri ni utumbo ulioteremka. Kwa macho, vitu hivi viwili vikiwa vikubwa hufanana sana. Lakini ngiri changa hurudi ndani mtu alalapo chali, na akikohoa husukuma kidole cha mwenye kuipima. Busha halirudi, na taa ikiwekwa nyuma yake mwanga hupenya. Tofauti hii si ya wasomi tu. Busha humlemea mtu na kumwaibisha, lakini kwa kawaida halimwui. Ngiri yaweza kumwua kwa siku chache, maana utumbo ukibanwa mlangoni haupati damu, nao huoza. Basi jina moja la adabu limefunika vitu viwili, kimoja cha kuvumilia na kingine cha kuogopa. Na mtu avumiliapo kile kipasacho kuogopwa, hulipa kwa roho yake.

Asili za uvimbe huu ni nyingi. Wengine huzaliwa na njia ya kinena ambayo haikujifunga sawasawa, na mzigo, kikohozi au uzee huipanua. Wengine hupata busha kwa mnyoo mwembamba aitwaye filaria, ambaye Joseph Bancroft alimwona huko Australia mwaka 1876, na ambaye Patrick Manson, akiwa Uchina mwaka 1877, alionyesha kuwa hukua ndani ya mbu. Tena kuna mnyoo wa usubi. Eneo la Tukuyu, pamoja na mito yake ishukayo Kyela, linajulikana kuwa moja katika maeneo ya usubi ya Tanzania. Watu hukumbuka kwamba mnyoo huyo hupofusha macho; si wengi wajuao kwamba hulegeza pia ngozi ya kinena hata ikaning'inia, na kinena kilicholegea huifungulia ngiri njia. Kwa hiyo nchi hii ya mito ilikuwa na sababu zake yenyewe za kuwa na watu wenye uvimbe.

Hapa historia imetuwekea jambo la ajabu. Wajerumani walipoweka makao yao ya serikali ufukoni mwa ziwa, mahali walipopaita Langenburg, kati ya madaktari wa jeshi waliofanya kazi huko alikuwamo Friedrich Fülleborn. Alikuwa katika nchi hii kati ya 1896 na 1900. Alikusanya wadudu, samaki na viumbe wa majini, akapima na kupiga picha watu, na mwaka 1906 akatoa kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Kisha akawa mtaalamu wa minyoo katika chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Hamburg, akaandika juu ya filaria, na tangu 1930 akawa mkuu wa chuo hicho. Hivyo mmoja wa mabingwa wa dunia wa mnyoo huyo aliishi miaka kadhaa ya ujana wake kando ya ziwa hili. Elimu ilipita Kyela, ikapanda meli, ikaenda zake. Makao ya serikali nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, yalipanda mlimani hadi Tukuyu, mahali penye baridi na homa chache.

Wenyeji, kwa upande wao, walikuwa na maelezo yao. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza jinsi watu walivyoamini kuwa hasira ya majirani, waliyoiita pumzi ya watu, humshukia mkosaji kwa ugonjwa. Kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya marika kilitoka mwaka 1951. Haifai kuicheka imani hii, kwa kuwa ilikuwa sheria ya ujirani. Lakini tufikiri ilivyomwelemea mwenye uvimbe. Maradhi yake yako mahali pasipotajwa mbele ya wakwe wala mbele ya watoto; akiyatangaza, huenda akaulizwa amemkosea nani. Njia nyepesi ilikuwa kunyamaza na kuvaa nguo pana. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai," na tena, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali hizi mbili zingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha upasuaji.

Na kisu je? Edoardo Bassini wa Padua alieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1887 namna ya kushona upya ukuta wa kinena, na tangu hapo ngiri ikawa ugonjwa wa kuponywa. Miaka 4 tu baadaye, mwaka 1891, wamisheni wa Berlin na wa Moravian walifika ncha ya kaskazini ya Nyasa. Elimu na watu wa kuileta vilikuja karibu wakati mmoja. Kilichochelewa ni mkono wa kuitumia. Wakati wa Waingereza Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, na hospitali ya serikali ilikuwa Tukuyu, zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa. Mtu mwenye utumbo uliobanwa hawezi kupanda mlima huo kwa miguu; lazima achukuliwe. Leo kuna hospitali ya wilaya Kyela, na Walutheri wana hospitali Matema, na yaliyo magumu hupelekwa Mbeya. Hata hivyo deni la zamani halijalipwa. Makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2014 yalisema kwamba Tanzania ilikuwa na watu wazima zaidi ya 680,000 wenye ngiri ya kinena yenye kuwasumbua.

Kwa upande wa mnyoo, mambo yameendelea vizuri zaidi. Tangu 2000 Tanzania imegawa vidonge vya ivermectin na albendazole kwa watu wa vijiji vizima, na dawa hiyo ya kwanza huwafaa pia wenye usubi. Lakini kidonge hakifungi ufa. Ngiri haina dawa ya kumeza wala ya kuchanjwa; dawa yake ni kushonwa. Katika kushona huko jirani zetu wametupa somo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa mashariki ya Uganda kwa wanaume 302: baadhi walitiwa kitambaa cha wavu cha kununuliwa kwa bei kubwa, na wengine wavu wa namna ya chandarua uliotakaswa vizuri hospitalini. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu kati ya wale wa wavu rahisi, na kwa wale wengine haikurudi kwa hata mmoja. Chandarua, kilicho ngao dhidi ya mbu wa filaria na wa malaria, kikawa pia kiraka cha ukuta wa tumbo.

Sasa tufikirie aliyechelewa. Analetwa siku ya tatu, tumbo limejaa, utumbo uliobanwa umekufa. Daktari hana budi kuukata. Mara nyingi huunganisha pande mbili zilizobaki. Lakini pengine tumbo limechafuka mno, naye hutoa ncha ya utumbo nje, penye tundu katika ngozi, ili haja ipite hapo. Tundu hilo ndilo stoma. Si jambo jipya: Duret wa Brest, Ufaransa, alimfanyia hivyo mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja mwaka 1793, na mtoto huyo akaishi miaka 45. Stoma huokoa roho. Lakini ili kuitoa lazima ukuta wa tumbo utobolewe, na palipotobolewa pana ufa. Pole pole utumbo mwingine husukuma kando ya tundu, uvimbe hutokea, na mtu aliyefika hospitali kwa ngiri moja hujikuta ana ya pili. Mapitio ya maandishi ya madaktari yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kwa wenye stoma ya kudumu ya utumbo mpana, ngiri hiyo ilionekana kwa wagonjwa 4 hadi 48 katika kila 100.

Kuishi nayo ni kazi ya kila siku. Mfuko wa kupokea haja haushiki vizuri juu ya ngozi iliyofura. Huvuja, na ngozi huchubuka. Mfuko wenyewe ni ghali, na wasioweza kuununua hujisaidia kwa vitambaa na mifuko ya plastiki. Mgonjwa huambiwa asinyanyue mizigo, atibu kikohozi, asinenepe, afunge mkanda mpana tumboni. Maneno hayo ni ya haki. Lakini mkulima wa mpunga huinama tangu kupandikiza mpaka kuvuna, mvuvi huvuta mtumbwi, na mwanamke wa Kikisi hubeba vyungu mpaka sokoni Matema. Mwili uliokatazwa kubeba, Kyela, ni mwili uliokatazwa kula. Uvimbe usio na maumivu huweza kuvumiliwa kwa mkanda. Ukiuma, ukizuia haja au ukibadilika rangi, lazima upasuliwe upesi. Daktari huweza kuifunga stoma kabisa ikiwa ilikuwa ya muda, na hiyo ndiyo tiba iliyo bora. Au huihamisha mahali pengine, au hutia wavu, kama Paul Sugarbaker alivyoeleza mwaka 1985, akiupitisha utumbo ubavuni chini ya wavu. Kushona ufa kwa uzi mtupu kumeonekana mara nyingi hakudumu.

Tukizipanga habari hizi pamoja, tunaona mnyororo. Jina la adabu linaficha hatari. Aibu inamchelewesha mgonjwa. Mlima unamchelewesha tena. Kuchelewa kunaua utumbo. Utumbo uliokufa unataka tundu. Na tundu linazaa ngiri nyingine, iliyo ngumu kuponya kuliko ile ya kwanza. Pete ya mwisho ya mnyororo huo imo mikononi mwa mabingwa na nyavu zao. Pete ya kwanza ni neno tu, nayo iko mikononi mwetu sote tunaotumia lugha hii. Mwalimu, muuguzi au mzee wa kijiji atakayemfundisha kijana kwamba mshipa urudio ndani ni ngiri, na kwamba ngiri hushonwa ikiwa bado ndogo, amefanya kazi ambayo Fülleborn na vitabu vyake hawakuimaliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa tumbo ukishabomoka, kuujenga upya ni kazi isiyo na hakika.