Usimikaji wa Chapa: Istilahi, Bei na Hadhi ya Sedani za Kifahari

Katika taaluma ya masoko, istilahi ya Kiingereza positioning hutaja kazi ya kuipa bidhaa mahali pake maalumu katika fikra za wanunuzi, ili kila inapotajwa wajue mara moja imekusudiwa nani, inashindana na ipi, na kwa nini bei yake ni hiyo iliyopangwa. Istilahi hiyo ilianza kuenea baada ya Jack Trout kuiandikia makala mwaka 1969, kisha akashirikiana na Al Ries hadi wawili hao wakatoa kitabu mwaka 1981, wakishikilia kwamba ushindani wa kibiashara huamuliwa ndani ya akili ya mnunuzi, ambayo hukumbuka majina machache tu kwa kila aina ya bidhaa. Makala haya yanapendekeza kisawe cha Kiswahili, usimikaji wa chapa, na kukipima kwa mfano mgumu: sedani za kifahari za kispoti zinazotoka kwa chapa changa, zikitazamwa kutoka barabara ya Karatu na Ngorongoro, ambako hadhi ya gari hupimwa kwa vigezo viwili tofauti katika safari moja.

Yafaa kuanza na maneno yanayounda mfano wenyewe. Chapa ni alama inayopigwa juu ya kitu ili kitambulike ni cha nani, kama wafugaji wanavyopiga chapa ng'ombe wao, na katika biashara neno hilo limepanuka likabeba jina la bidhaa pamoja na sifa zote ambazo watu wamezihusisha na jina hilo, ilhali nembo hubaki kuwa mchoro tu. Sedani ni gari lenye sehemu tatu zinazojitenga kwa nje, yaani injini mbele, abiria katikati na buti nyuma, na Watanzania wengi huliweka katika kundi wanaloliita magari ya chini kwa sababu tumbo lake liko karibu na ardhi. Sedani huitwa ya kifahari inapokuwa na ukimya ndani, ulaini wa mwendo na ufundi wa hali ya juu katika kila kinachoguswa kwa mkono. Nayo huitwa ya kispoti inapokuwa na usukani unaoitikia haraka, springi zilizokazwa na, mara nyingi, nguvu inayopelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Sifa hizi mbili huvutana, kwa kuwa springi laini hulegeza gari kwenye kona na springi ngumu humchosha abiria, hivyo mtengenezaji anayeziunganisha hulazimika kugharamia utafiti mwingi, na gharama hiyo ndiyo mzizi wa kwanza wa bei.

Kuhusu istilahi kuu, visawe vinavyokuja haraka ni vitatu, na kila kimoja kina upungufu wake. Uwekaji wa bidhaa humfanya msomaji afikirie rafu za duka na njia za usambazaji. Nafasi sokoni ina utata, kwa sababu neno nafasi lina maana za fursa, wasaa na cheo, kiasi kwamba mtu akisema kampuni fulani ina nafasi sokoni, msikilizaji hajui kama imepata mwanya wa kuingia au tayari imeshika sehemu ya mauzo. Upambanuzi unafaa zaidi kwa kazi ya kuonyesha tofauti kati ya bidhaa na bidhaa, ambayo ni hatua mojawapo tu, kwani bidhaa yaweza kuwa tofauti na nyingine zote na bado wanunuzi wasiipe mahali popote pa maana.

Kitenzi simika hakina upungufu huo. Husimikwa nguzo ikakaa imara, na husimikwa mtu katika cheo: maaskofu husimikwa, machifu husimikwa, na katika jamii ya Wamaasai wa Ngorongoro malaigwanani, yaani viongozi wa kimila, husimikwa mbele ya wazee na rika lao. Ndani ya tendo hilo mna mambo matatu ambayo wanamasoko huyahitaji yote, nayo ni anayesimikwa, kiti anachokalishwa, na mashahidi wanaokubali kwamba kiti hicho sasa ni chake. Hakuna anayejisimika peke yake nyumbani akatambulika, na hali ya chapa ni hiyo hiyo, kwa kuwa kampuni hutangaza madai yake kwa bei na matangazo, lakini wanaoyathibitisha ni wanunuzi, mafundi na wauzaji wa magari yaliyotumika. Kitenzi hicho kinazaa pia familia nzima ya istilahi: kubadili mahali pa chapa ni kuisimika upya, kupoteza hadhi ni kuvuliwa, na mahali panapopatikana kwa kazi yote hiyo panaweza kuitwa kiti cha chapa.

Tatizo la chapa changa huonekana wazi zaidi katika upangaji wa bei. Njia zinazojulikana ni tatu. Bei ya kupenyea ni ile inayowekwa chini ya washindani ili wanunuzi wengi wajaribu bidhaa mapema. Bei ya kukamulia ni ile inayoanzia juu, ikachukua kwanza fedha za walio tayari kulipa zaidi, kisha ikashuka taratibu. Na bei ya hadhi ni ile inayoachwa juu makusudi, kwa sababu ughali wenyewe ni sehemu ya kinachonunuliwa, jambo ambalo mchumi Thorstein Veblen alilieleza mwaka 1899 alipoandika juu ya matumizi ya kujionyesha. Chapa changa ya kifahari haiwezi kuifuata hata moja kati ya hizo bila kujiumiza, maana ikishusha bei sana inajishuhudia yenyewe kwamba ni bidhaa ya daraja la chini, na ikiipandisha hadi ilipo ya wakongwe inamtaka mnunuzi alipie heshima ambayo bado hakuna aliyeitoa. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko hili kizuri kisicho na mashahidi hukaa yadi muda mrefu.

Mifano miwili inaonyesha jinsi kampuni zilivyolitatua tatizo hilo. Mwaka 1989 Toyota ilizindua chapa ya Lexus nchini Marekani kwa sedani kubwa ya LS 400, baada ya mradi ulioanzishwa mwaka 1983 kwa agizo la Eiji Toyoda, na bei ya kuanzia ilikuwa takribani dola 35,000, chini sana ya sedani kubwa za Kijerumani ilizokusudia kushindana nazo. Miezi michache baadaye zilionekana kasoro, na magari yapatayo 8,000 yakaitwa kwa matengenezo, lakini wafanyakazi wa chapa hiyo waliyachukua magari kwa wenyewe na kuyarudisha yakiwa yameoshwa na kujazwa mafuta, kiasi kwamba tukio ambalo lingeweza kuivua chapa hadhi yake likawa ushahidi wa uangalifu wake. Hyundai nayo iliitenga Genesis kuwa chapa inayojitegemea mwezi Novemba 2015, baada ya kumwajiri Albert Biermann, aliyekuwa mhandisi wa magari ya kispoti ya BMW, na sedani ya kispoti ya G70 ilipoingia Marekani ikiwa ya mwaka wa modeli 2019, ilianzia dola 34,900 wakati BMW 330i ya mwaka huo ilianzia dola 40,250. Tofauti hiyo ilitosha kumvuta mnunuzi, lakini haikuwa kubwa kiasi cha kumtia shaka, na pengo la heshima lilizibwa kwa waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, pamoja na tuzo ya Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini ya mwaka 2019. Katika mifano yote miwili bei ilifanya kazi ya kudai kiti, na huduma ikafanya kazi ya kukusanya mashahidi.

Ushahidi ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki unatoka kwenye gari ambalo wengi wamelipanda bila kujua kwamba lina majina mawili. Toyota Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na kushinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya msimu wa 1998–1999, na gari hilo hilo, lenye injini mbele na nguvu nyuma, liliuzwa Ulaya kuanzia mwaka 1999 kwa jina la Lexus IS 200; Japani lilibaki kuwa Toyota kwa sababu chapa ya Lexus haikufunguliwa huko hadi mwaka 2005. Atakayeketi nyuma ya usukani wa magari hayo mawili atakuta dashibodi ile ile, yenye kipima mwendo kikubwa cha duara kilichowekewa ndani yake vipimo vidogo vitatu, kwa kufuata umbo la saa za mkononi za kupimia mbio. Kule Ulaya mnunuzi aliambiwa kwamba amejiunga na daraja la wamiliki wa sedani ndogo za Kijerumani, ilhali kwa Mtanzania gari lilifika bandarini Dar es Salaam likiwa limetumika Japani, lina nembo ya Toyota, na likapata kiti tofauti kabisa, kiti cha gari la kijana anayependa mwendo. Chuma ni kile kile na mashine ni ile ile, lakini kusimikwa kukawa kuwili, na hakuna mfano bora zaidi wa kuthibitisha kwamba kiti cha chapa hakitengenezwi kiwandani peke yake.

Katika soko hilo la magari yaliyotumika, bei hupangwa pia na wasiokuwa watengenezaji. Serikali ya Tanzania hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ikaongeza ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, ambao umekuwa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, pamoja na ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Kwa hesabu hiyo Altezza, ambayo injini yake haifikii sentimita 2,000, huangukia upande wa nafuu, na Toyota Mark X yenye injini ya sentimita 2,500 huangukia upande wa pili, hata kama yadi ya Japani imeziuza kwa bei moja. Baada ya kusajiliwa, herufi ya namba ya gari huwa kipimo kingine, ndiyo maana tangazo la dalali husema gari ni namba D au namba E kabla ya kutaja kilomita, akijua kwamba mnunuzi husoma humo muda ambao gari limekaa kwenye barabara za nchi. Mwisho kabisa huja swali la spea na fundi, ambalo huamua kama gari linauzika, na chapa changa isiyo na fundi anayeijua Arusha au Karatu hushuka thamani haraka hata ikiwa imeshinda tuzo zote za ng'ambo.

Tukirudi kwenye safari iliyotajwa mwanzoni, barabara ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Loduare la Hifadhi ya Ngorongoro, yenye urefu wa kilomita 77, iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Serikali ya Japani, na juu ya lami hiyo sedani ya kispoti inaweza kuonyesha kila ilichoumbiwa, ikapanda kona za ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara na kuufikia mji wa Karatu bila shida. Baada ya lango vigezo hubadilika. Barabara huwa ya vumbi na matope, hupanda hadi ukingo wa kreta, na magari yanayoruhusiwa kushuka kwenye sakafu yake, takribani mita 600 chini, ni yale yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Hapo kiti cha heshima ni cha Land Cruiser, hasa zile za familia ya 70 iliyoanza mwaka 1984, ambazo karakana za Arusha huzirefusha na kuzitengenezea paa la kufunguka ili watalii wasimame na kutazama wanyama. Land Cruiser haikusimikwa hapo na matangazo ya kifahari. Mashahidi wake ni madereva walioivusha kwenye tope mwaka baada ya mwaka, na mafundi wanaopata spea zake katika kila mji wa njiani. Sedani ya kifahari haishindwi huko kwa ubovu, bali kwa kuwa kiti chake kiko kwingine, na mfanyabiashara asiyeijua tofauti hiyo hulipia hadhi ambayo eneo lake haliitambui.

Funzo hilo linawahusu pia wanaouza bidhaa nyingine Karatu, kama wenye nyumba za wageni, ambao wamezoea kuona hoteli za ukingoni mwa kreta zikitoza zaidi kwa sababu ya mandhari, nao wakahitimisha kwamba kilichobaki kwao ni kushusha bei. Gibb's Farm, nyumba ya wageni ya Karatu iliyoanza kama shamba mwaka 1929, inaonyesha njia nyingine, kwani haina kreta dirishani, lakini imejijengea kiti chake kwa kahawa, bustani za mboga na historia ya shamba lenyewe, na bei yake inatokana na kiti hicho.

Kwa sababu hizo, istilahi usimikaji wa chapa inastahili kupokewa katika vitabu na madarasa ya masoko, kwa kuwa inamfundisha mtumiaji wake jambo ambalo kisawe kama uwekaji hulificha: muuzaji hupanga bei, lakini hadhi hutolewa na watu. Kijana wa Karatu anayeanzisha chapa yake ya kahawa, ya utalii au ya magari, akiijua istilahi hiyo atajiuliza mapema maswali matatu, yaani anadai kiti gani, bei yake inakidai kwa kiwango gani, na ni akina nani watakaokuwa mashahidi wake. Na akiyajibu kwa ukweli hatalazimika kuikimbilia bei ya chini kana kwamba ndiyo silaha pekee ya mgeni sokoni.