Kuvuta Ugwe wa Upinde: Vidole Vitatu au Kidole Gumba?



Imepokewa katika Swahiyh Muslim kutoka kwa 'Uqbah bin 'Aamir (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suwrat Al-Anfaal, Aayah ya 60, kuwa ni kurusha mishale, akalikariri hilo mara tatu. Ndiyo maana mzazi anayemnunulia mwanawe upinde hutaka kujua kama upo mshiko wa ugwe ulio wa Sunnah, na kama anayevuta kwa vidole vitatu anajifananisha na wasiokuwa Waislamu.

Tunasema: Hadiyth za mlango huu zinahimiza kujifunza, na zinamkemea aliyejifunza kisha akaacha. Kidole hazikukitaja. Mshiko ni ujuzi wa mkono unaofuata aina ya upinde, na kumtia mtu makosani kwa ajili yake ni kuikaza dini pasipo dalili.

Waturuki, Wafursi na Mamaluki wa Misri na Shaam walivuta kwa kidole gumba. Vitabu vya Kiarabu vya fani hii huiita mishiko kwa nambari, kwa ile hesabu ya kale ya kukunja vidole, na mshiko mashuhuri ni wa sitini na tatu. Kidole cha mwisho, cha pete na cha kati hukunjwa kiganjani. Hiyo ni tatu. Gumba huunasa ugwe chini kidogo ya mshale, na kidole cha shahada huja juu yake kukifunga. Hiyo ni sitini. Hesabu hii si ngeni kwetu. Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa), katika Swahiyh Muslim, ameuelezea mkono wa Mtume katika Tashahhud kuwa ulifunga hamsini na tatu huku akiashiria kwa kidole cha shahada. Basi mtoto anayejua kukaa Tashahhud ameshajua nusu ya mshiko: vile vitatu vimekunjwa vile vile, ila hapa cha shahada hakinyooshwi, kinalala juu ya gumba.

Sababu ya gumba ni upinde mfupi wa mpanda farasi. Ukivutwa mpaka mwisho, ugwe wake hupinda kwa ncha kali na kuvibana vidole vitatu. Gumba halichukui nafasi kubwa. Kwa upinde mrefu tatizo hilo halipo. Hapo cha shahada hukaa juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake, ugwe ukiwa kwenye kiungo cha kwanza cha vidole. Mshale usibanwe. Wanaoanza hupenda kuufinya kati ya gumba na cha shahada, na kwa upinde wenye nguvu mkono huteleza.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni upande wa mshale. Anayevuta kwa mkono wa kulia kwa vidole vitatu huuweka mshale kushoto kwa upinde. Akivuta kwa gumba, huuweka kulia. Akichanganya, mshale utamwanguka kabla hajalenga. Wala ugwe usiachiwe mtupu bila mshale, kwani upinde huweza kupasuka.

Ugwe unachuna ngozi, kwa hiyo hutumika kipande cha ngozi au pete ya gumba ya pembe, mfupa au fedha. Ya dhahabu ni haramu kwa mwanamume, hata ikiitwa chombo cha mchezo. Na pete hiyo haina fadhila yake ya peke yake, vyovyote muuzaji atakavyoisifu.

Wakati wa wudhuu vivuliwe ili maji yafike kwenye ngozi. Ama kuswali navyo, Imaam Ash-Shaafi'iy, ambaye mwenyewe alikuwa hodari wa mishale, ameligusia katika Al-Umm: ngozi ikiwa twahara Swalah inasihi, lakini amelikirihisha kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa mwenye kusujudu anatakiwa viganja vyake viiguse ardhi.

Wa-Allaahu A'lam.