Chuo cha Mlimani na Neno la Wazee

Chuo kikuu husimama juu ya nguzo mbili: elimu iliyopatikana kwa watu wengine, na elimu iliyopatikana kwa watu wake chenyewe. Nguzo ya kwanza aghalabu hujengwa mapema, kwa kuwa vitabu vyaweza kuagizwa na walimu waweza kualikwa. Ya pili huchelewa, maana haina duka inakouzwa. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka yake kumi ya kwanza ni habari ya jinsi nguzo hiyo ya pili ilivyotafutwa.

Chuo kilifunguliwa mwezi wa Oktoba, 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wake hawakutimia 20, na fani yao ilikuwa moja tu, sheria. Shahada walizosomea zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Katika mwaka wa 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi; na mwaka wa 1964 kikahamia kilimani, nje ya mji, mahali ambapo tangu hapo watu hupaita Mlimani.

Kukaa juu kuna faida zake, lakini kuna hatari pia: aliye kilimani huona mbali, ila huenda asisikie wanenayo walio bondeni. Hatari hiyo ilidhihirika tarehe 22 Oktoba, 1966. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba kila ahitimuye atumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwamba kwa muda mwingi wa utumishi huo akatwe sehemu kubwa ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho yao, wakaandamana hadi Ikulu, na bango moja likadai kuwa maisha yalikuwa bora zaidi chini ya ukoloni. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Lakini hakuwahukumu wao peke yao. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa imepita kiasi, akapunguza wake kwa asilimia 20. Miezi minne haikwisha, Azimio la Arusha likatangazwa. Swali lililobaki Mlimani lilikuwa zito: chuo hiki ni cha nani?

Jibu moja lilitoka katika Idara ya Historia. Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, alikuja mwaka wa 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia. Na mwaka wa 1965 wanahistoria kutoka nchi nyingi walikutana Dar es Salaam kujadili namna ya kuandika historia ya Afrika. Walikubaliana kwamba Mwafrika ametenda katika historia yake, wala hakutendwa tu. Kusema hivyo kulikuwa rahisi. Kuthibitisha kulikuwa kazi. Nyaraka za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kwa mfano, nyingi ziliandikwa na Wajerumani, na ndani yake vita vile vilionekana mara nyingi kuwa wazimu wa ushirikina.

Basi katika mwaka wa 1968 idara iliwatuma wanafunzi vijijini wakati wa likizo, kwenda kuwauliza wazee waliokumbuka. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu yale maandamano ya majoho. Safari hii mwanafunzi alikwenda kusikiliza, na mzee asiyejua kusoma akawa mwalimu. Wazee walieleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ambayo ujira wake ulikuwa mdogo hata wengine wakaukataa. Walieleza jinsi habari za maji ya Kinjikitile wa Ngarambe zilivyopita kwa kunong'onezana, kabila hadi kabila. Kilichoitwa wazimu kikaonekana kuwa na sababu na mpango. Hata idadi ya waliokufa ilipimwa upya: Wajerumani walitaja watu 75,000, lakini Gilbert Gwassa, mtafiti wa Mlimani, alikadiria kuwa wengi wa wafu waliuawa na njaa, na jumla yao kati ya 250,000 na 300,000.

Hata hivyo, kazi hiyo iliacha deni. Wanafunzi waliosikiliza katika lugha za wenyeji waliandika insha zao kwa Kiingereza, na mtoto wa mzee aliyesimulia hakuweza kusoma neno la baba yake. Sehemu ya deni ililipwa na Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho papo hapo Mlimani. Tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka wa 1969, iliwarudishia watu habari za vita hivyo kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili cha taifa, ilianzishwa Idara ya Kiswahili, iliyofundisha lugha hiyo kwa lugha yenyewe.

Lakini deni lote halijaisha. Jina la Mlimani limefika mbali, na si haba waliolieneza. Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo alipotoa, mwaka wa 1972, kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Walakini hata leo masomo mengi ya chuo hicho hufundishwa kwa Kiingereza. Wazee wale wamekwisha kufa. Walitoa walichokuwa nacho bila kudai shahada wala ujira, na walichotoa kimo katika maktaba, kikingoja kusomwa na wajukuu zao.