Hiyo "b" ya "debt" ilitoka wapi?

Kama uliwahi kukatwa maksi kwa kuandika "det", jua kwamba Waingereza wenyewe waliandika "dette", bila "b", kwa muda mrefu tu. Neno walilitoa kwa Wafaransa.

Ikaja enzi ya wasomi kukihusudu Kilatini kupita kiasi. Wakaona asili ya neno ni "debitum", basi wakachomeka "b" ili lionekane la ukoo mkubwa. "Doubt" nayo ikapewa yake. Wafaransa pia waliwahi kuiweka, ila baadaye wakaiondoa (wana akili!). Shakespeare aliwacheka watu hawa: katika tamthilia yake Love's Labour's Lost yupo mwalimu anayelalamika kwamba watu hawaitamki hiyo "b".

Lakini kichekesho chenyewe ni "island". Hapo wasomi walichemka kabisa. Neno hili ni la Kiingereza cha kale, "iegland", na halina undugu wowote na "insula" ya Kilatini. Walilichanganya na "isle", ambalo ndilo la Kilatini kweli, wakaongeza "s". Yaani kosa lao ndilo leo linakukosesha maksi wewe ukiliacha!

Noah Webster wa Marekani alijaribu kulifuta. Kamusi yake ya mwaka 1828 ilisema neno halisi ni "iland". Aliponyofoa "u" kwenye "colour", Wamarekani walimfuata. Kwenye "iland" wakamwacha peke yake.