Ajali ya Anakin na Mkasi wa Mhariri

Mwaka 1999 George Lucas alitoa filamu ya The Phantom Menace. Ndani yake mtoto mtumwa, Anakin Skywalker, anatambuliwa na Qui-Gon Jinn kuwa ndiye mteule wa utabiri wa kale. Uteule huo unapimwa kwa damu: viumbe vidogo viitwavyo midi-chlorian vinapatikana mwilini mwake zaidi ya 20,000, kuliko hata vya Yoda. Walioipenda Star Wars ya 1977 wengi walinung'unika. Nguvu iliyokuwa fumbo sasa ilihesabiwa kama homa ya malaria.

Haukupita muda, kanda za video za toleo jingine zikaanza kuzunguka Marekani mkono kwa mkono, zikiitwa The Phantom Edit. Mwaka 2001 ilijulikana kuwa kazi hiyo ni ya Mike J. Nichols, mhariri wa filamu wa California. Alipunguza vichekesho vya Jar Jar Binks, siasa za biashara na maelezo ya midi-chlorian. Filamu ikafupika kwa dakika 18 hivi.

Lakini lililonishughulisha mimi ni jambo dogo kuliko hayo yote. Katika filamu ya Lucas, chombo cha Anakin kinajiendesha chenyewe hadi vitani. Mtoto anafyatua makombora, yanapiga mtambo mkuu wa meli ya adui, naye anamaka kama aliyevunja kikombe cha mama: lo! Nichols alikifuta kiingizi hicho.

Lugha yetu ina neno linalomfaa Anakin wa kwanza: ajali. Leo twalisikia zaidi katika habari za magari yaliyogongana, ilhali maana yake kongwe ni siku iliyoandikwa, majaaliwa yasiyoepukika. Ushindi wa mtoto yule ni ajali kwa maana zote mbili. Kiingizi kikiisha kuondolewa, tendo lilelile lageuka kuwa la kukusudia. Nimejiuliza iwapo mfasiri angeweza kufanya hivyo kwa neno moja. Nadhani angeweza, na asingegunduliwa.

Zamani nililisifu toleo la Nichols bila kusita. Siku hizi nasita, kwani Anakin ndiye atakayekuwa Darth Vader. Aliyeshinda kwa nia yake hawezi baadaye kuisingizia kudura maovu yake, na hapo mkasi wa Nichols umemtendea haki. Hata hivyo, mtoto asiyeelewa alichokifanya, akapigiwa vigelegele na kuambiwa ameandikiwa ukuu, ananitisha zaidi.

Wala Lucas mwenyewe hakuacha kukata na kuunga. Mwaka 1977 Han Solo alimuua Greedo kabla hajapigwa risasi. Katika toleo la 1997 Greedo ndiye aanzaye. Mwuaji akawa mtu aliyejitetea, na safari hii mkasi ulikuwa mkononi mwa mtunzi.