Uziwi wa Kiwandani: Mwajiri Alijua Lini?

Mfanyakazi anapomshtaki mwajiri kwa kumharibia masikio, mahakama huuliza swali fupi: mwajiri alijua lini? Naamini kwamba historia na sheria hulijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti, na kwamba pengo lililopo kati ya majibu hayo ndimo haki za watu wengi zilimopotelea.

Mwaka 1700 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi yatokanayo na kazi. Humo aliwataja wafua shaba wa Venice, waliogonga nyundo kutwa hadi wakazeeka wakiwa viziwi. Enzi ya viwanda vya mvuke ilikuwa bado haijaanza.

Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 wa kuunda boila. Kazi hiyo ilimlazimu mtu mmoja kuingia ndani ya boila na kuishikilia ribiti, huku wenzake wakiigonga kwa nje. Barr aliwalinganisha na watu wa kazi nyingine, wakiwamo wapeleka barua. Miongoni mwa mafundi wale 100, hakupatikana hata mmoja mwenye usikivu kamili.

Ushahidi huo ulichapishwa, lakini nyundo hazikunyamaza. Uziwi ulihesabiwa kuwa sehemu ya ufundi, kama sugu za viganjani. Serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo juu ya kelele kazini mwaka 1963, miaka 77 baada ya Barr.

Mwaka 1984, katika kesi ya Thompson dhidi ya Smiths Shiprepairers, Jaji Mustill aliamua kwamba waajiri wa karakana za meli wawajibike kwa madhara ya kuanzia 1963 tu. Kabla ya hapo, alisema, walifuata desturi ya tasnia nzima. Naielewa hoja yake: si haki kumhukumu mtu wa jana kwa maarifa ya leo. Hata hivyo najiuliza, desturi hiyo aliiweka nani? Wazembe wakiwa wengi, je, uzembe wao huwa kinga?

Kwetu Afrika Mashariki utetezi huo hauna tena mahali pa kusimama. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza kumweka mfanyakazi katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwa hiyo mwajiri wa leo anajua, na kama hajui, ni wajibu wake kujua.

Chembe za sikio zilizokufa kwa kelele hazioti tena, na fidia hairudishi sauti ya mtoto aitaye. Ndiyo maana nawasihi wakaguzi wa kazi wapime kelele mapema, na vyama vya wafanyakazi vidai vipimo vya masikio tangu siku ya kuajiriwa. Bila kumbukumbu hizo, kesho tutarudi mahakamani kuulizana tena nani alijua lini.